Mke wa Makori

Ndugu yangu Makori hakuzaliwa. Nianzie hapo, maana watu wa mjini nikiwaeleza habari hii hunikatiza katikati wakiniuliza alikufa lini. Hakufa. Mtu atakufaje na hakuzaliwa? Lakini kwetu Ikonge alikuwa na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, alikuwa na koti, na alikuwa na mke. Huyo mke wake ndiye tuliyemzika Jumatano.

Mimi ni Orpah, mama yake Brandon, kifungua mimba wa Bosibori. Nina duka la sare za shule Kisii mjini, nyuma ya soko la ndizi, na wanaonijua watawaambia kwamba nina mdomo. Ninao kweli, na leo mniache niutumie.

Mama alizaa wasichana watano. Kila akijifungua, majirani walisimama ng'ambo ya ua wakauliza neno moja tu kwa Kikisii, "Omomura?" Yaani, ni mvulana? Nyanya yetu akitikisa kichwa, waligeuka wakaenda zao, hata uji wa mzazi hawakuonja. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu. Alipozaliwa Kwamboka, kitinda mimba, damu ilikataa kusimama, na madaktari wakamtoa Mama kizazi. Akarudi nyumbani akalala akitazama ukuta. Nilimpelekea uji nikamwambia, "Mama, mtoto analia." Akanijibu bila kugeuka, "Mtoto gani? Mimi sina mtoto." Nilikuwa na miaka tisa. Nimesimama pale na kikombe mkononi, mtoto wake wa kumzaa, naye ananiambia hana mtoto.

Haya basi, mmejua hasira yangu ilikotoka.

Haki yake nayo nimpe. Baba yetu, mzee Nyangate, alipofariki, ilibidi mtoto wake wa kiume apige jembe la kwanza pale kaburini. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto wa kiume hakuwepo, basi jembe akalichukua Ombati, mtoto wa baba yetu mdogo. Akapiga udongo, akajifuta mikono, akasema mbele ya watu wote, mjane akimsikia, "Boma hili sasa limefungwa. Shamba hili la chai litatafuta mwenyewe." Najua sheria inasema msichana atarithi sawa na mvulana. Ninaijua vizuri. Lakini sheria inakaa Nairobi, na Ombati anakaa pale pale kando ya majani yetu ya chai, kila asubuhi anapita akiyatazama kama mtu anayetazama nyama ikiiva.

Mama hakulia tena siku ile. Msimu mmoja haukuisha, akatuita sisi mabinti zake nyumbani, akatukalisha, akasema, "Makori ataoa."

Jambo hilo lipo kwetu tangu zamani, ingawa siku hizi wanaolifanya ni wachache na kanisani kwetu, Wasabato sisi, wanalifumbia macho. Mama asiye na mvulana anachukua ng'ombe wa mahari ya binti yake, anamwolea mke yule mwana ambaye hakumpata. Huyo mke ni halali kabisa. Anapata watoto na mwanamume wa ukoo, lakini watoto si wa huyo mwanamume, ni wa mume asiyekuwepo, na mvulana akizaliwa ndiye atakayeshika shamba. Makori lilikuwa jina la babu yetu. Mama alikuwa amelitunza tangu siku alipoolewa, akingoja wa kumpa.

Na ng'ombe waliotumika walikuwa wangu mimi, wale waliotolewa na watu wa Mose, mume wangu. Kwetu dada ambaye ng'ombe zake zimemwoza kaka ana sauti katika nyumba ya kaka huyo. Mke wa kaka hamjibu vibaya, na huyo dada naye hana ruhusa ya kumtupa huyo mke akiwa na shida. Kwa hiyo mke wa Makori alikuwa mikononi mwangu, nipende nisipende.

Akaja Valentine. Alitoka Nyansiongo, amemaliza kidato cha nne, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Siku ya kwanza nilimvuta nyuma ya jikoni.

"Wewe umelogwa? Msichana mzima na cheti chako, unaolewa na hewa?"

Akacheka. "Mama Brandon, baba yangu alimpiga mama mpaka meno ya mbele yakaisha. Dada yangu naye yuko kwa mumewe huko anapigwa. Mume asiyekuwepo hawezi kunipiga. Nipeni huyo huyo."

Nikamwachia mkono, tukarudi jikoni.

Mama alikuwa ametundika koti la marehemu Baba kwenye msumari katika nyumba ile, ili nyumba ya mwanamume isikose dalili ya mwanamume. Valentine akaligeuza koti kuwa mzaha. Kila alasiri chai ikichemka, alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Makori! Chai iko tayari!" Alingoja kidogo, kisha akatwambia, "Amekataa tena. Mwanaume wa maringo huyu!" Hata Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwahi kumwona Mama akicheka hivyo tukiwa wadogo, na kwa hilo peke yake nilimpenda Valentine.

Akamzaa Nyamusi. Mama akasema si kitu, njia imefunguka. Kisha ikaja mimba ya Beverlyne, na hiyo ilikuja na balaa. Miguu ilivimba, kichwa kikamuuma hadi haoni vizuri, na siku ya kujifungua akashikwa na kifafa cha mimba. Alikaa hospitalini akiwa hamtambui mtu. Mimi ndiye niliyelala kwenye kile kiti chao cha mbao. Daktari, mama mmoja mpole, alinishika mkono akaniambia, "Huyu asizae tena. Usiniambie akipata nguvu, usiniambie baada ya miaka mitatu. Asizae." Wakamwekea kijiti cha kupanga uzazi kwenye mkono.

Valentine alipopata fahamu nilimweleza. Hakusikitika hata kidogo.

"Mimi wawili wananitosha," alisema. "Hata daktari asingesema. Tangu nikiwa shule nilikuwa nataka wawili, niwasomeshe, niwavalishe viatu. Wewe si una mmoja?"

Kweli nina mmoja, Brandon, na ni mmoja kwa sababu mimi na Mose tulitaka mmoja. Mama hajanisamehe mpaka leo. Huniambia mtoto mmoja ni jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu. Tena ananiambia mvulana niliyempata nimewapa watu wengine, kana kwamba nilimwiba kwetu nikamkimbiza kwa Mose.

Basi nikapanda kwenda Ikonge. Nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda anachambua mboga za managu.

"Mama, Valentine amemaliza kuzaa."

"Nani amesema?"

"Daktari amesema. Valentine mwenyewe amesema. Na mimi nimesema. Ng'ombe ni zangu, na nimesema basi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno mengine tumboni ya kumtosha yeye na ukoo mzima. Lakini Mama aliendelea kuchambua mboga zake, akatupa kijiti kimoja kwa kuku, akasema, "Sawa. Ng'ombe ni zako, umesema. Mimi siwezi kumlazimisha mtoto wa watu kufa." Nikarudi Kisii nikiimba. Nilimwambia Mose, "Mama amebadilika," na Mose, ambaye huwa hasemi sana, akaniuliza, "Una hakika?"

Mwaka uliofuata Kwamboka akaolewa, ng'ombe wakaja. Mama akanipigia simu, tukasalimiana, akaniuliza kuhusu Brandon, akaniambia mvua imenyesha vizuri, halafu kwa sauti hiyo hiyo ya mvua akasema, "Makori ataoa wa pili."

Nilifoka mpaka simu ikakatika. Nilipopiga tena aliniambia taratibu, "Orpah, wewe ulisema juu ya ng'ombe zako. Hawa ni wa Kwamboka." Na hapo akanishika. Kwa mila alikuwa sawasawa, na mila ndiyo niliyokuwa nimeishikilia mimi mwenyewe.

Yaliyotokea siku huyo msichana wa pili alipokuja kuona boma niliambiwa na Kwamboka, aliyekuwepo. Alikuja na shangazi yake, wakakaa ndani ya nyumba ya Makori, Valentine akawaandalia. Msichana akazungusha macho ukutani, akauliza, "Na mimi nitakaa humu humu?" Mama akamjibu, "Nyumba ni ya Makori. Mtakaa wote. Atakayemletea mvulana ndiye mwenye nyumba." Valentine wakati huo alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika, chai ikafika mezani, naye bado anamimina. Kwamboka ndiye aliyemshika mkono.

Nilimpigia. Nikamwambia, "Usijali, mimi nipo."

"Sawa, Mama Brandon," akasema. Hakucheka, wala hakunitania, akanishukuru kama mtu anayemshukuru mwalimu.

Ikafika Desemba. Msimu wa sare huo mimi hata kunywa maji sipati nafasi, na Januari ndio usiseme. Valentine alikuja dukani shule zikikaribia kufunguliwa, amemleta Nyamusi apimwe sketi. Amejifunga leso mbili na sweta kubwa la Mama juu yake, na jua lilikuwa linawaka. Miguuni ana malapa, na miguu imejaa mpaka kamba za malapa zimezama. Niliacha futi ya kupimia ikaanguka.

"Valentine. Hapo tumboni kuna nini?"

"Nimeshiba."

"Usinifanye mjinga! Kijiti kiko wapi?"

Akakunja mkono wa sweta akanionyesha kovu dogo. "Nilikitoa. Tena usimlaumu Mama, hakunituma. Yeye anafikiri kiliisha nguvu chenyewe. Aliposikia nina mimba akasema yule msichana angoje kwanza, tuone."

"Tuone! Tuone nini?" Nilipiga kelele mpaka mteja mmoja akaweka sweta chini akatoka. "Wewe daktari si alikwambia? Si ulisema mwenyewe wawili wanakutosha?"

"Wananitosha. Ndio hao nataka kubaki nao." Akaketi juu ya robota la vitambaa, maana kusimama kulikuwa kunamshinda. "Mama Brandon, wewe ukikosana na mama yako unaenda kwa Mose. Ukikosana na Mose utarudi kwa mama yako. Mimi yule mwingine akipata mvulana, nitaambiwa nipishe. Nitapisha niende wapi? Kwa baba yangu? Na nikienda, naenda na nani? Hawa wasichana si wangu. Ni wa Makori. Ng'ombe zako zilishawalipia."

Hilo lilikuwa kweli.

"Nitamzuia Mama," nikasema.

"Ulishamzuia. Ulisema basi, akasema sawa, akaenda kutafuta mwingine."

"Utakufa, Valentine. Unanisikia? Utakufa."

"Pengine," alisema. "Na pengine ni mvulana. Huyu anapiga mateke ya kiume." Hapo ndipo akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani, na Nyamusi aliyekuwa amesimama na sketi yenye pini naye akacheka kwa sababu mama yake amecheka.

Siku hiyo hiyo nilifunga duka nikampeleka hospitali. Wakampa dawa za kushusha presha, wakasema akae karibu, mtoto akifikisha uzito watamtoa mapema. Nikamwambia hutarudi Ikonge, utakaa kwangu, kitanda kipo. Alikataa katakata. "Nikitoka tu, yule atahamia. Nitarudi nimkute amevaa kanga zangu." Nilimwomba, nikamtukana, nikamwomba tena. Mose akampeleka nyumbani kwa gari kwa sababu hakukubali kulala hata siku moja. Mimi nilikuwa nimekasirika sana, sikumsindikiza hata mlangoni.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi Mama aliponipigia akasema neno moja, "Njoo." Valentine alikuwa ameanguka jikoni akichemsha chai. Mtungi wa maji ulimwagikia moto, moshi ukajaa, na Beverlyne ndiye aliyetoka nje akilia. Majirani wakamtia kwenye gari la kubebea chai, kati ya magunia, wakamleta hospitalini. Nilifika wakiwa wamemwingiza kupasuliwa. Mama alikuwa kwenye benchi la korido, viatu vyake vina majivu.

Tulikaa. Nilikuwa nimejiambia, akitoka mzima nitamchukua kwa nguvu, yeye na wasichana wake, na Mama afanye atakalo.

Nesi akatoka. Kabla sijainuka, Mama alikuwa ameshasimama, ameshika mkono wa nesi, anauliza, "Omomura?"

Ndiyo. Swali lile lile. Lile walilomuulizia ng'ambo ya ua, yeye amelala ndani na damu yake, mimi nikisikia. Nesi alikuwa mtoto wa Kikisii, alielewa. Akatikisa kichwa. Kisha akatuambia kwamba mtoto wa kike ni mdogo lakini anapumua, na kwamba mama yake wamejitahidi.

Mama akakaa chini sakafuni akalia. Alikuwa analilia nini, mimi sijui. Sikutaka kujua. Kama ningekaa pale ningempiga mama yangu mzazi, kwa hiyo nikatoka nje nikasimama karibu na walinzi.

Tukamzika Jumatano, mbele ya nyumba ya Makori, upande wa kushoto, kama anavyozikwa mke wa mtu. Watu walikuwa wengi. Baba yake alikuja kutoka Nyansiongo, yule wa meno, akawekwa mbele kwenye kiti chenye mto. Na yule mwanamume wa ukoo, baba wa wale watoto kwa damu, naye alikuwepo. Jina lake silitaji, ana mke wake na nyumba yake. Alikuwa akibeba viti vya plastiki, akipanga, akipangusa maji, kama jirani yeyote mwenye roho nzuri. Nyamusi alimpita akaenda kusimama kwangu. Hakumtazama mara mbili, angemtazama kwa nini?

Mchungaji alikuwa kijana, amehamishiwa kwetu juzi tu, hajui mambo ya watu. Alisoma sala vizuri. Jeneza likashuka. Akafunga kitabu, akainua mkono kama alivyofundishwa, akasema, "Sasa namwomba mume wa marehemu asogee, atupe udongo wa kwanza."

Hakuna aliyesogea. Watu wakaangalia viatu vyao. Mchungaji akafikiri hajasikika, masikini, akarudia kwa sauti kubwa, "Mume wa marehemu! Yuko wapi mume wa marehemu?" Yule mwanamume wa viti akainama akafunga kamba ya kiatu. Ombati akakohoa, na nikajua kikohozi kile kinaelekea wapi. Alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa shati.

Nikamwachia Kwamboka watoto. Nikaenda nikachota udongo kwa mkono wangu, ukiwa umelowa, nikamtupia Valentine. Sikuweza kusema "lala salama" kama watu wengine. Nilisema, "Pole. Pole sana, mke wetu." Ombati akakunjua shati lake.

Mvua ilianza watu wakimaliza kula. Waliokuja na miavuli walibaki kidogo, wengine wakakimbia. Mimi nikaingia nyumba ya Makori, nikakusanya nguo za wasichana kwenye mfuko wa duka langu, nikawapakia Nyamusi na Beverlyne kwenye gari. Kichanga kilikuwa bado hospitalini kwenye mashine ya joto. Nilikuwa nimekubaliana na Mose: wote watatu wanakuja kwetu. Sisi wa mtoto mmoja.

Mama akaja kusimama mbele ya gari. Hana mwavuli.

"Unawapeleka wapi watoto wa Makori?"

"Kwangu."

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Hao ni wa Makori. Hawatoki boma la Makori."

Na hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilishuka nikamsogelea mpaka nikaona maji yakimtiririka kwenye makunyanzi.

"Makori ni mimi! Ng'ombe waliomwoa yule mwanamke ni zangu. Niliyelala naye hospitalini ni mimi. Niliyemtupia udongo ni mimi, na jembe la Baba ningelipiga mimi kama mngeniachia. Unamtafuta nani, Mama? Makori ni mimi. Nimekuwa hapa tangu mwanzo. Nilikuwa nimesimama mbele yako na kikombe cha uji, ukaniambia huna mtoto!"

Nilikuwa nalia kwa sauti mbele ya watu wa matanga, nami si mtu wa kulia. Mama alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa na mama yangu hivyo, uso mzima, kama mtu anayesoma. Kisha akageuka akaingia ndani ya nyumba ile. Nikadhani amekwenda kulia. Akatoka na lile koti la Baba, akalikung'uta vumbi, akanivisha mabegani, akanifunga kifungo cha juu kwa vidole vyake. Koti lilinienea.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Miaka yote hii nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Nikafungua mikono nimkumbatie.

"Wachukue wasichana," akaendelea, akinilainisha kola. "Wasichana ni watu wa kwenda tu. Lakini usikae sana mjini, omomura wangu. Boma halina mtu. Yule msichana bado anangoja, na ng'ombe za Kwamboka hazijaguswa. Matanga yakiisha uje tumwoe, kabla Ombati hajalima hapa mlangoni."

Nilishusha mikono. Nikaingia kwenye gari, nikaondoka na koti likiwa bado mabegani, na kwenye kioo nilimwona amesimama kwenye mvua akinipungia mkono, kama mama anavyompungia mtoto wake anayerudi kazini.

Tulifika lami. Beverlyne alikuwa amelala. Nyamusi alikuwa amekaa kando yangu, ameshika pindo la lile koti, analitazama.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Ulimwambia Nyanya wewe ndiye Makori."

"Nilimwambia."

Ana miaka sita, anafikiri polepole. Tukapita kituo cha kuuzia chai, tukapita kanisa.

"Sasa Mama alipokuwa anakuita chai," akaniuliza, "mbona ulikuwa huitiki?"